Mama Mkwe Alinipigia Magoti Nimkatalie Kanada

Mtu mzima akikupigia magoti, kimbia.

Sitanii. Kwetu Upareni mkubwa hapigi magoti kwa mdogo. Ukiona mama aliyemzaa mume wako anashuka kwenye tope mbele yako, mikono ameikutanisha kama yuko madhabahuni, jua hapo kuna jambo litakalokutafuna mpaka mifupa.

Mimi sikukimbia. Nilisimama pale na jembe langu kama zuzu, nikamsikiliza mpaka mwisho.

Na alichoniomba ndicho cha ajabu. Aliniomba nimfanyie ubaya. Nimnyime kitu mbele ya watu wote, halafu niwaache waamini nina roho mbaya.

Ngoja niwapeleke taratibu.

Naitwa Jesca. Kwetu ni Lembeni, pale barabarani, kwenye joto na reli. Nimeolewa na Elirehema, mtoto wa Bombo, huko juu milimani wilaya ya Same. Wakwe zangu walinitania tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni mtu wa tambarare, sijui kupanda mlima na makande yangu yana mawe. Utani tu. Tulikuwa tunapendana, nisiseme uongo.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha pili. Kwa hiyo nilipoolewa, yule mama wa Bombo nilimwita mama na nikamaanisha. Nilipojifungua binti yetu, Irine, wakati huo tunaishi Same mjini, ndiye aliyeshuka mlima na ndizi zake kichwani akaja kunikanda kwa maji ya moto. Alikaa mpaka nikapona kabisa.

Baadaye mimi na Eli tukapata njia, tukahamia Kanada, mji wa Edmonton. Yeye anaendesha lori la mizigo. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Sasa kule, mtoto anaweza kuwaombea wazazi wake waje kuishi moja kwa moja. Unaandikisha jina lako, unasubiri uchaguliwe, kama bahati nasibu. Wengine wanasubiri mpaka wanakata tamaa. Eli aliandikisha, maisha yakaendelea, tukasahau.

Siku moja akaingia ndani na simu mkononi, anarukaruka kama mtoto.

"Mama Irine, tumechaguliwa! Baba na mama wanakuja!"

Nikampokea, tukarukaruka wote. Tulipotulia ndipo akanipa lililobaki. Kipato chake peke yake hakitoshi kuwadhamini watu wawili. Inabidi mke naye asaini, awe mdhamini mwenza.

"Kusaini tu?"

"Kusaini tu, mke wangu."

Kusaini tu, thubutu! Nilikaa nikasoma mwenyewe. Ukisaini, wale wazee ni wako kwa miaka ishirini. Chakula chao, nguo zao, pa kulala, miwani, meno. Wakiomba msaada wa serikali, unadaiwa wewe. Ndoa ikivunjika, bado unadaiwa. Mume akiondoka na mwanamke mwingine, wewe na wazazi wake bado mko pamoja.

Nikanywea.

Tena si kwa ajili ya nafsi yangu tu. Kazini kwangu wapo wazee walioletwa na watoto wao kutoka nchi za mbali. Wanakaa dirishani wanaangalia theluji. Lugha hawajui, jirani wa kumpigia hodi hawana. Nilikuwa nawavalisha soksi huku namfikiria mama wa Bombo, ambaye sijawahi kumwona amekaa bila kazi mkononi.

Nikamwambia Eli wasiwasi wangu. Akanuna.

"Mama yako angekuwa hai, ungeleta maswali haya?"

Hilo lilinichoma. Nililala nalo, nikaamka nalo. Mwisho nikasema basi, liwalo na liwe, yule mama alinikanda na mimi nitambeba. Nitasaini. Nilikubali kwa moyo mweupe kabisa.

Nikatoa na wazo, mimi mwenyewe na kiherehere changu. Likizo yetu iko karibu, twende nyumbani na zile karatasi, nisaini mbele ya wazee waone nimewapokea kwa mikono miwili.

Laiti ningesaini sebuleni kwangu nikalala!

Tuliposhuka Same mjini, wifi yangu Doreen alikuwa anatusubiri. Ana duka la viungo karibu na stendi, na mdomo wake unafika mbali kuliko harufu ya iliki yake. Kumbe ameshatangaza. Watu nisiowajua wananishika mkono.

"Hongera bwana, wazee wanapanda ndege lini?"

Wifi akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Wewe ndiye wifi! Wengine wakifika huko wanatupa na namba za simu."

Nikavimba kichwa, niwe mkweli.

Tukapita Kisiwani na vumbi lake, halafu tukaanza kukwea mlima. Bombo tulimkuta baba mkwe, mzee Nathanaeli, getini, amevaa koti la suti na tai. Ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, mdhamini wetu!"

Mzee Nathanaeli ni mtu mwema, lakini jamani, anaongea. Anaongea akiamka, anaongea akinawa uso. Kila kitu kwake ni somo na kila mtu ni darasa la tano. Siku hiyo somo lilikuwa theluji. Alitueleza theluji inavyotokea, sisi tunaokaa nayo nusu mwaka.

Mama yeye alikuwa amembeba Irine mgongoni, mtoto mkubwa wa miaka saba, wanacheka. Ila nikagundua kitu. Kila Kanada ikitajwa, mama anainuka.

"Makande yanaungua."

Na makande hata hayajabandikwa.

Asubuhi yake likapigwa baragumu la msaragambo. Wasiojua: ni kazi ya kijiji, kila nyumba inatoa mtu. Siku hiyo ilikuwa kuzoa tope kwenye ndiva, yale mabwawa yetu ya milimani yanayokusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi yanafunguliwa watu wamwagilie kwa zamu. Mama kwa umri wake alishasamehewa msaragambo zamani. Lakini alikuwa ameshafunga kanga kiunoni.

Mzee akamwambia, "Acha hayo, mama Eli. Wewe ni wa kuondoka, maji ya hapa hayakuhusu tena."

Alichukua jembe akatoka, na mimi nikachukua langu nikamfuata.

Huko kwenye ndiva kulikuwa na raha. Wanawake wanachimba tope huku wanataniana. Mmoja akapaza sauti, "Mama Eli, huko ukifika utazibua barafu?" Wote wakaangua kicheko, na mama akacheka. Nilikuwa karibu naye, nikaona kicheko kimekatika ghafla na kidevu kinamtetemeka.

Kazi ilipoisha watu wakatawanyika. Mama akaniambia tubaki tunawe miguu.

Akaangalia huku. Akaangalia kule.

Halafu akashuka kwenye tope, magoti yote mawili.

"Mwanangu, usisaini."

"Mama! Inuka jamani, watu wataona!"

"Hakuna mtu. Nimengoja waondoke. Usisaini, nakuomba."

Nilimshika mabega nimwinue, akajifanya mzito. Mimi machozi yananilenga na sijui hata nalia nini.

"Mama, hutaki kwenda?"

"Sitaki. Sitaki hata kuisikia."

"Si umwambie Eli?"

"Nimwambie nini? Mtoto ameandikisha, amefunga, ameomba, anawaimbia watu. Na baba yake je? Wewe unamjua baba yako. Tangu tuoane anaongea na mimi nasikiliza. Hapa akianza, nachukua jembe. Naenda shambani, naenda kwenye maji, naenda kwa kina mama wa kanisa. Jioni narudi tunakula, tunalala. Hiyo ndiyo ndoa yetu, na ni nzuri hivyo hivyo. Huko mtanifungia naye ndani na baridi iko nje. Nitakimbilia wapi, mwanangu? Chooni?"

Nilitaka kucheka. Nikamwangalia usoni nikaona yeye hacheki kabisa.

"Basi baba aje peke yake."

"Hajui hata kuchemsha maji. Na mimi nibaki watu waseme nini? Mwanamke amemkatalia mumewe na mwanawe uzeeni? Nitasemwa mpaka siku ya kuzikwa. Lakini wewe ukikataa, watasema ni mambo ya Ulaya hayo. Watakusema mwezi mmoja, watasahau."

"Watanichukia, mama."

"Watakununia tu. Na mimi sitasema neno lolote juu yako. Nitanyamaza. Naapa mbele za Mungu, nitanyamaza kimya."

Hicho tu ndicho nilichomtaka. Sikumwomba anitetee, anyamaze tu.

"Sawa, mama. Nimekubali. Sasa inuka."

Sasa nisikilizeni. Sisi Wapare tunachekwa nchi nzima kwa kupenda kesi. Mpare hanunui hata jogoo bila shahidi kusimama pembeni. Na mimi, Mpare wa baba na mama, nikafanya makubaliano mazito kuliko yote maishani mwangu kwenye tope, bila shahidi hata wa dawa.

Jioni ile nikamwita Eli nyuma ya nyumba.

"Baba Irine, sitasaini."

Akacheka. Alidhani natania. Nikarudia, kicheko kikaisha.

"Umepatwa na nini? Si ulisema mwenyewe?"

"Nimefikiria tena. Miaka ishirini ni mingi."

"Mama amekukosea?"

"Hapana."

"Baba?"

"Hapana. Sijisikii tu, Eli."

Sijisikii! Hebu fikiria unamwambia mume wako neno hilo juu ya wazazi wake, chini ya paa lao, umeshiba chakula chao. Alinitazama kama mtu asiyenijua, akaingia ndani. Usiku alitandika godoro chini.

Asubuhi nyumba nzima inajua. Simu yangu ikalia, ni Doreen.

"Wifi, kumbe wewe ni nyoka wa ndani kabisa! Na mimi nilivyokusifia pale stendi! Umenivua nguo mchana kweupe!"

Akanikatia.

Mzee Nathanaeli akanyamaza. Yaani yule mzee, kimya! Anapita mbele yangu kama sipo. Kisha tukasikia ameitisha kikao cha ukoo, Jumapili baada ya ibada. Mwenyekiti ni kaka yake mkubwa, baba mkubwa Tumainieli, mtu ambaye hajawahi kuona kesi akaipita.

Siku zile za kungoja, mama alitunza ahadi. Tena alinitunza na mimi. Maji yangu ya kuoga nayakuta ya moto kabla sijaomba. Kwenye bakuli langu, chini ya maharage, nakuta kipande cha nyama. Wengine hawana. Nikawa nakula huku najisemea, sawa, tuko wawili, tutavuka.

Jumapili ikafika.

Viti viliazimwa kanisani. Wazee wamekaa sebuleni, wanawake kwenye mikeka mpaka mlangoni. Doreen alikuja na gari la kukodi kutoka Same, amejifunga kitenge kama anaenda msibani. Baba mkubwa Tumainieli akafungua kwa sala, akavaa miwani, akaanza: mlalamikaji nani, mlalamikiwa nani. Nyie, ni mahakama kamili.

Mzee Nathanaeli akasimama kama mlalamikaji. Alianzia mwaka aliokwenda chuo cha ualimu, akafika kwenye ada za Eli, akamalizia kwa mwisho wa dunia.

Eli alisema kidogo tu. Heri angeongea sana.

"Baba mkubwa, mimi mke wangu nampenda. Lakini kama wazazi wangu hawana nafasi kwake, basi na mimi nafasi yangu nimeshaijua."

Huyu ndiye mume wangu, tuliyeanza naye maisha kwenye chumba kimoja cha kupanga, ananiaga mbele za watu.

Doreen akadakia kutoka mkekani, "Kaka, wanawake hawajaisha Upareni!"

"Nyamaza wewe!" Baba mkubwa akagonga meza, akanigeukia. "Mkwe, tunakuuliza mara ya mwisho. Utasaini? Ukikataa, hii ndoa ukoo utaizungumza upya."

Nikasimama.

"Naomba mnisamehe. Sitasaini."

Minong'ono ikapanda. Nikamtazama mama, pale mlangoni kwenye mkeka. Ameinamisha kichwa, kimya. Nikasema moyoni, vizuri mama, kaa hivyo hivyo. Eli nitamweleza siku moja tukiwa mbali, hasira zikishapoa. Tutayamaliza.

Ingeishia pale, nisingekuwa na simulizi leo.

Lakini baba mkubwa Tumainieli kesi haiachi nusu. Akavua miwani.

"Ngojeni. Mama mwenye nyumba hatujamsikia. Mama Elirehema, na wewe sema mbele ya ukoo. Hii safari, unaitaka au huitaki? Usiogope mtu."

Usiogope mtu! Jamani, mlango umefunguliwa wenyewe, na mwenyekiti ameushikilia. Alitakiwa aseme neno moja tu, "siitaki", na hakuna ambaye angemla. Nilimkazia macho. Pita mama, pita.

Akavuta kanga akajifunika uso.

"Mimi nilishaanza kuwaaga wenzangu," akasema.

Nikamgeukia mzima mzima.

"Nilisema nikamlee mjukuu wangu," akaendelea, sasa analia kabisa. "Sijui huyu binti nilimkosea nini. Nilimkanda kwa mikono yangu hii. Sijui nilimkosea nini mimi."

Nyumba ikalipuka. Doreen analia kwa sauti, wazee wanatikisa vichwa, mtu nyuma yangu anasema "huyu si mtu". Eli alikuwa ananiangalia kwa macho ya chuki, na nilijua nikitoka pale sina mume.

Mimi namwangalia yeye. Yeye haniangalii.

Nilimchukia. Siogopi kusema. Dakika ile nilimchukia yule mama kuliko nilivyowahi kumchukia kiumbe chochote. Nimemwaga ndoa yangu kwa ajili yako, nimekubali kuitwa nyoka, nimekuomba unyamaze tu. Unyamaze! Na hilo nalo limekushinda?

Nikafikiria kumwaga mboga hapo hapo. Nitaanza vipi? Eti mama huyu anayelia alinipigia magoti kwenye tope nisisaini. Nani ataamini? Shahidi yuko wapi? Watasema nimeongeza uongo juu ya roho mbaya.

Basi mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mama, kwa hiyo unataka kwenda?"

Kelele zikapungua. Mama akazidi kujifunika.

"Nijibu mbele ya ukoo, mama. Unataka kwenda Kanada?"

Alitoa uso kwenye kanga. Mumewe anamwangalia, mwanawe anamwangalia, baba mkubwa ameinamia mbele anasubiri. Nilimpa muda mrefu wa kutosha, Mungu ni shahidi wangu.

"Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. "Nataka."

"Eli," nikasema, "lete kalamu."

Nilisaini palepale, kwenye meza ya mwenyekiti. Doreen akapiga vigelegele vya kuezua bati. Mzee Nathanaeli akapata sauti yake, akaanza somo la upatanisho. Eli akanikumbatia analia, ananiomba radhi sikioni.

Juu ya bega lake nikamwona mama. Sasa ndiyo ananiangalia.

Baadaye nikamkuta jikoni, ameshika mwiko na hakorogi kitu.

"Umenifanya nini, mwanangu?"

"Nimefanya ulichosema mbele za watu."

"Ulijua sitaki."

"Na wewe uliapa utanyamaza."

"Ningesema nini? Wameniuliza, wote wananitolea macho. Wewe una ndege ya kurudi. Mimi nabaki na hawa."

"Sasa hubaki nao," nikamwambia, nikatoka.

Ndiyo, nilimwambia hivyo.

Mnajua kinachoniuma zaidi? Mambo haya hayaishi siku moja. Maombi yalichukua zaidi ya miaka miwili. Waliitwa kwenye vipimo vya afya, wakaitwa kuchukuliwa alama za vidole, wakatafuta hati za kusafiria. Kila hatua alikuwa na nafasi ya kusema hataki. Kila hatua nilikuwa na nafasi ya kumwambia Eli ukweli, tukasitisha. Tukipigiana simu ni "hamjambo", "hatujambo", "Irine anakusalimia". Yeye anangoja niseme, mimi nangoja aseme. Mtu na mkwe wake, wabishi wawili, mpaka tiketi zikakatwa.

Wakaja. Mwezi wa kwanza, baridi ya kuvunja kucha.

Mzee anastawi, ashukuriwe Mungu. Alipata kanisa la Waswahili, akapata wazee wenzake wa kuwafundisha. Lakini kanisani ni Jumapili. Siku nyingine darasa lake ni moja, na mwanafunzi ni mmoja.

Mama ameshajua pa kukaa. Chini, kwenye chumba cha mashine ya kufulia. Ana kigoda chake huko. Anaingiza nguo safi, anawasha mashine, anakaa pembeni yake ikinguruma. Nguo za Irine zimepauka kwa kufuliwa.

Eli anasema, "Mama anapenda usafi, si unamjua."

Namjua.

Juzi kina mama wa kanisa lile walifanya siku yao. Wakaniita mbele, wakanivisha kitenge kipya, eti mkwe wa kuigwa. Mwanamke aliyekubali kuwabeba wazazi wa mume bila kinyongo. Watu wamesimama wanapiga makofi, Eli anapiga picha. Halafu mwongoza shughuli akamwomba mama mkwe aseme neno juu ya binti yake.

Mama akainuka polepole, amevaa koti kubwa linalomzidi. Akanishika mkono. Kiganja chake, kile kigumu cha jembe, kimekuwa laini kama cha mgonjwa.

Akawaangalia watu. Akanigeukia.

"Huyu ndiye aliyenileta," akasema. Akakaa.

Makofi yakaanza upya, wengine wanafuta machozi.

Sasa wewe unayesoma, sikia la dada yako. Mtu akija kukuomba ubebe "hapana" yake, mrudishie mwenyewe, hata akupigie magoti. Mwambie aiseme kwa mdomo wake, mbele ya hao hao anaowaogopa, wewe utasimama pembeni yake. Asipoweza, hata wewe hutaiweza. Na ukiwa na hasira usishike kalamu, kwa sababu hasira yangu iliisha kabla hatujashuka Same mjini.

Chakula kiko tayari. Nashuka chini kumwita mama, na najua ataniambia ameshiba.